Wanaotazama antena wasisahau jenereta iliyo chini ya mnara

KILA kampuni ya simu inapotafuta kiwanja cha kujenga mnara kijijini, maneno mawili hufika kabla ya mkataba: saratani na kinga. Husemwa kuwa mawimbi ya mnara huamsha saratani mwilini. Husemwa pia kuwa hupunguza kinga, hata mtu aliyekuwa mzima akaanza kuumwaumwa. Wanaosema hivyo si wajinga, na wengi wanaowacheka hawajui zaidi yao.

Kwa mkulima wa Kabungu, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, suala hili ni la fedha na la afya kwa pamoja. Mwezi Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini nchini. Kwa upande wa umeme, njia ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, mji ambao kwa miaka mingi uliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Nguzo na minara vinazidi kusogelea mashamba. Mkutano wa kijiji unaoombwa ardhi unastahili kuelezwa mambo haya kwa lugha inayoeleweka.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kiswahili cha kila siku huita vyote "mionzi": picha ya eksirei hospitalini, urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, na mawimbi ya simu. Mfanyabiashara aliyewahi kupeleka nafaka nje ya nchi anaifahamu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) kwa sababu ya cheti cha mionzi. Akisikia kuwa tume hiyo hiyo ndiyo hupima minara ya simu, anahitimisha kuwa mnara na urani ni mtu na ndugu yake.

Si ndugu. Mionzi ya urani na ya eksirei ina nguvu ya kukata vinasaba vilivyomo ndani ya seli, na kinasaba kilichokatwa kikiungwa vibaya ndipo saratani inapoweza kuanzia. Mawimbi ya simu na ya umeme wa nyumbani hayana nguvu hiyo. Mtu anaweza kulipiga gogo kwa bua la mtama kutwa nzima na lisipasuke, wakati shoka hulipasua kwa pigo moja. Wingi wa mapigo ya bua haulifanyi kuwa shoka.

Athari ya mawimbi ya simu ambayo haina ubishi ni joto. Ndivyo jiko la maikrowevu linavyochemsha chakula. Viwango vya usalama vya kimataifa, vinavyopangwa na tume ya wanasayansi ijulikanayo kama ICNIRP, vimewekwa mbali chini ya kiasi kinachoweza kupasha mwili joto la kudhuru. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2006 kuwa vipimo vilivyofanywa karibu na minara ya simu vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango hivyo.

Swali la haki linalobaki ni kama kuna athari nyingine isiyo joto. Hili limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya miaka 40, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwenye chupa za maabara, kwa kutumia seli za kinga na seli za saratani.

Jaribio la kawaida huwa hivi. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwekwa kwenye chupa yenye chakula chake. Chupa huzungushiwa waya wa shaba unaopitisha umeme ili kutengeneza nguvu ya sumaku. Chupa nyingine ya aina ile ile huachwa bila kupitishiwa kitu. Baada ya saa kadhaa hutazamwa kama kuna tofauti.

Baadhi ya majaribio yalionyesha tofauti. Seli zinazomeza vijidudu, zilipowekwa kwenye nguvu ya sumaku ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde yenye kipimo cha militesla 1, zilitoa kwa wingi zaidi zile kemikali kali ambazo seli hizo hutumia kuulia vijidudu. Habari kama hiyo ikifika kijijini bila kipimo chake, inatisha. Lakini militesla 1 ni sawa na maikrotesla 1,000. Moja kwa moja chini ya njia kubwa za umeme, WHO inataja kiasi cha maikrotesla 20 hivi, na ndani ya nyumba nyingi ni kama maikrotesla 0.1. Yaani seli za kwenye chupa zilipewa mara 50 ya anachopata mtu aliyesimama chini ya waya mkubwa, na mara 10,000 ya anachopata mtu aliyelala nyumbani kwake.

Majaribio mengine ya aina hiyo, yaliporudiwa katika maabara tofauti, hayakuonyesha kitu. Mkulima aliyewahi kushiriki shamba darasa hatashangaa. Ukiweka mbolea kwenye kitalu kimoja na kuacha kingine, halafu kile chenye mbolea kikawa bondeni na kingine mlimani, mavuno hayatakuambia lolote kuhusu mbolea. Kwenye maabara, mlima na bonde ni joto. Waya wa shaba hupata moto, na nusu nyuzi tu inatosha kubadili tabia ya seli. Hata kabati la kutunzia seli lina feni na mota zinazotoa sumaku yake. Watafiti wengi wa mwanzo hawakulipima hilo.

Ulikuwepo pia udanganyifu. Mwaka 1992 mtafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani alichapisha matokeo yaliyodai kuwa nguvu za sumaku na umeme hubadili mwenendo wa madini ya kalsiamu katika seli za kinga. Matokeo hayo yalionekana kuwa ndio ushahidi uliokuwa ukitafutwa. Mwaka 1999 ofisi ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia uadilifu wa tafiti ilihitimisha kuwa takwimu zake zilikuwa zimepotoshwa kwa makusudi. Ni jambo la kusikitisha, kwani fedha na miaka ya watu waliojaribu kulirudia jaribio hilo havikurudi.

Upande wa seli za saratani, hadithi ni tofauti na haisemwi mara nyingi. Kuna tiba inayotumia umeme dhidi ya saratani ya ubongo. Mgonjwa hunyolewa nywele, hubandikwa vipande maalumu kichwani, na umeme wa mizunguko 200,000 kwa sekunde hupitishwa kwa angalau saa 18 kila siku. Umeme huo huvuruga seli ya saratani pale inapojigawa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2011. Katika jaribio kubwa lililofuata, nusu ya wagonjwa waliotumia dawa pamoja na kifaa hicho waliishi zaidi ya miezi 20.9, wakati kwa waliotumia dawa pekee ilikuwa miezi 16.

Kwa hiyo afisa anayesimama mbele ya wanakijiji na kutamka kuwa mawimbi "hayana athari yoyote" kwa seli anakosea, hata kama nia yake ni njema. Yapo yenye athari. Linalopaswa kuulizwa ni mawimbi ya aina gani, kwa nguvu kiasi gani, karibu kiasi gani na kwa muda gani. Mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi unainua mahindi ya eka moja, mifuko kumi inayaunguza, na kijiko kimoja hakifanyi kitu.

Tukiacha chupa na kwenda kwa watu, ushahidi ulianza mwaka 1979 katika mji wa Denver, Marekani, ambako watafiti wawili waliona saratani ya damu imezidi kwa watoto walioishi karibu na nyaya zenye umeme mwingi. Mwaka 2000 tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa, watoto wachache walioishi kwenye zaidi ya maikrotesla 0.4 walionekana kuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kupata ugonjwa huo ambao, kwa bahati nzuri, ni adimu. Wanyama wa maabara hawakuthibitisha uhusiano huo na chanzo hakijaeleweka. Hata hivyo inatosha kuwa sababu ya kutojenga nyumba chini ya njia kubwa ya umeme, mbali na hatari ya kupigwa shoti ambayo haihitaji utafiti.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka nguvu ya sumaku ya umeme katika kundi la 2B, maana yake "huenda inasababisha saratani". Mawimbi ya simu yakafuata katika kundi hilo hilo Mei 2011. Humo humo 2B imo dondoo ya jani zima la mshubiri, ambao vijijini hunywewa kama dawa. Kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake haujatosha, kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka bila kumaliza ubishi. Utafiti wa nchi 13 uliotolewa mwaka 2010 haukuona ongezeko la jumla la saratani ya ubongo kwa watumiaji wa simu, isipokuwa dalili yenye mashaka kwa waliosema wanazitumia mno. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza matokeo ya panya waliopigwa mawimbi mwili mzima kwa takriban saa tisa kila siku kwa miaka miwili. Panya dume walionekana kupata uvimbe wa saratani kwenye moyo. Panya hao hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mawimbi, lakini hakuna aliyeandika gazetini kuwa mnara unarefusha maisha.

Mwaka 2024 mapitio ya tafiti 63 za binadamu yaliyoagizwa na WHO hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, wala kati ya minara na saratani za watoto. Mwaka 2025 mapitio mengine, safari hii ya wanyama, yalisema ushahidi wa uvimbe ule wa panya dume ni wa kuaminika. Wanasayansi wanaendelea kuvutana. Mvutano huo lakini ni juu ya panya waliopewa kiasi kikubwa kwa mwili wote. Mtu anayeishi mita mia tatu kutoka mnara wa Kabungu au wa kijiji kingine chochote hapati kiasi cha namna hiyo.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaokataa minara hawajalipigia hesabu. Mawimbi yanayomfikia mtu kwa wingi hutoka kwenye simu iliyo sikioni mwake kuliko kwenye mnara. Simu nayo hupandisha nguvu mtandao ukiwa hafifu na kuishusha mtandao ukiwa mzuri. Simu ya kawaida ya GSM ikiwa mbali na mnara hutoa hadi wati 2. Ikiwa karibu, inaweza kushuka mpaka elfu chache tu za wati. Mkulima anayepanda juu ya kichuguu ili ampate mnunuzi wa mpunga Mpanda anapata mawimbi mengi zaidi kichwani kuliko mwenzake anayezungumza akiwa karibu na mnara. Kijiji kinachokataa mnara kwa kuogopa mawimbi huishia kuyapata zaidi.

Kichuguu hicho kina gharama nyingine. Huko Kerala, India, wavuvi walipopata simu kati ya mwaka 1997 na 2001, waliacha kurundikana kwenye soko moja huku soko la jirani likiwa tupu. Faida yao ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Nchini Niger, simu zilipunguza tofauti ya bei ya nafaka baina ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Hakuna sababu ya kudhani mpunga na mahindi ya Katavi yana tabia nyingine. Asiyejua bei ya mjini huuza kwa bei ya aliyekuja na lori.

Sasa kuhusu jenereta. Minara mingi iliyo mbali na umeme wa gridi huendeshwa kwa dizeli, usiku na mchana. Juni 2012 IARC iliutoa moshi wa dizeli katika kundi la mashaka na kuupandisha hadi kundi la 1, pamoja na tumbaku. Hilo ni kundi la vitu ambavyo hakuna tena swali kama vinasababisha saratani kwa binadamu. Wanakijiji husimama wakanyoosha kidole juu, kwenye antena iliyo kundi la 2B, huku bomba la moshi wa kundi la 1 likipumua usawa wa dirisha la jirani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka la kuchaji simu au mashine ya kukoboa aliyeweka injini ya dizeli mlangoni. Mji wa Mpanda uliuvuta moshi huo miaka yote ya jenereta, na ni vigumu kukumbuka mkutano wa hadhara uliouitia daktari.

Neno "kinga" nalo linahitaji kutazamwa upya. Lina uzito wake kwa Watanzania tangu UKIMWI ulipoingia, na ndiyo maana tetesi kuwa mnara unashusha kinga huenea haraka. Lakini kitu kinachodhoofisha kinga na kusababisha saratani ya ini, kwa ushahidi wa kundi la 1, kimo ghalani: sumukuvu, inayotokana na ukungu wa karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walikufa. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na wafanyabiashara waliokuwa na mzigo mpakani wanajua ilivyowagharimu. Turubai la kuanikia karanga lingefanya zaidi kwa kinga ya watu wa Kabungu kuliko kuung'oa mnara.

Hofu isiyo na kipimo ina wafanyabiashara wake pia. Zipo stika za kubandika kwenye simu na mikufu ya shingoni inayodaiwa kuzuia mawimbi. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa za namna hiyo na kukuta kumi zinatoa mionzi ya kweli, ile ya jamii ya urani. Wanunuzi walikuwa wamekimbia bua la mtama wakajifunga shoka shingoni. Muuza duka wa Mpanda anayeletewa mikufu hiyo kwa bei ya jumla afikiri mara mbili.

Lawama haiwaendei wanakijiji peke yao. Kampuni huleta mkataba ukiwa umeshaandikwa, na wataalamu hutoa kauli redioni kuwa minara ni salama, lakini ni nadra karatasi ya vipimo kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mtu anayeambiwa "amini tu" ana haki ya kutilia shaka. Mwaka 2020 kule Uingereza minara ya simu ilichomwa moto kwa uvumi kuwa inaeneza Covid-19, katika nchi yenye shule na maabara za kila aina. Elimu peke yake haikutosha pale ambapo watu hawakuamini wanaoitoa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa katika tathmini ya athari za mradi. Kijiji chochote cha kata ya Kabungu kinaweza kuandika kwenye muhtasari wake kuwa, kabla ya mnara kuwashwa na baada ya kuwashwa, vipimo vya TAEC vifanywe mbele ya wawakilishi wake, na namba zake zisomwe kwa asilimia ya kiwango kinachoruhusiwa. Maombi yapitie halmashauri ya wilaya. Gharama ya upimaji huo ni busara ibebwe na mwenye mnara, kwani ndiye anayepata mapato.

Kodi ya kiwanja nayo iangaliwe: inalipwa kwa nani, inapandishwa kila baada ya muda gani, na nani anarudisha shamba katika hali yake mkataba ukiisha. Na kabla ya kusaini, iulizwe mnara utatumia umeme gani. Ukiwa wa jua, mkataba useme hivyo kwa maandishi. Ukiwa wa dizeli, utaje umbali wa jenereta kutoka nyumba ya karibu na bomba la moshi litaelekea wapi.